Siku mbili za kutua mzigo Bagamoyo

Mtu wa Singida akisema anakwenda pwani, jirani humuuliza kwa upole, "Kuna msiba?" Kama si msiba, basi ni harusi, kama si harusi, ni mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili, au mtoto anayepelekwa chuoni, au magunia ya alizeti yanayofuata bei. Safari ya kilomita zipatazo 700 hadi Dar es Salaam haifanywi bure. Kwa hiyo sisi, mume na mke, tulipowaambia watu wetu kwamba tunakwenda pwani kupumzika tu, wapo waliocheka, na wapo walionyamaza kwa namna iliyokuwa nzito kuliko kicheko. Bibi mmoja wa ukoo alituuliza waziwazi, "Kupumzika? Kwani hapa nyumbani vitanda vimekwisha?"

Swali hilo linastahili jibu, kwa kuwa familia nyingi zinazosoma kurasa hizi zimewahi kuulizwa au zimejiuliza zenyewe. Nyumba yetu ina vitanda. Ina pia mlango, na mlango huo hugongwa tangu Alfajiri hadi baada ya Isha. Mmoja wetu ni katibu wa kamati ya msikiti: anayetafuta sanda, anayetaka ndoa iandikwe, mwenye mgogoro wa mpaka wa makaburi na fundi wa bomba la udhu, wote huanzia kwake. Mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi, naye hurudi jioni na madaftari ya kusahihisha mkononi na kuni za kuwasha zikimngoja. Tuna watoto watatu na shamba la alizeti. Kwa miaka tisa ya ndoa tumekula sahani moja na kulala chumba kimoja, lakini saa nzima ya mazungumzo isiyokatwa na hodi wala simu ilikuwa adimu kwetu kama mvua ya mwezi wa nane. Na wakati huo palikuwa na jambo kubwa kati yetu ambalo kila mmoja alilizunguka, kama njia za mji wetu zinavyoyazunguka majabali.

Tuliweka akiba kwa misimu miwili ya alizeti. Mpango ulikuwa wa siku kumi kwa gari letu dogo: kushuka kwa Dodoma na Morogoro hadi Bagamoyo, kufuata mwambao hadi Pangani na Tanga, kisha kurudi kwa njia ya Korogwe, Moshi, Arusha na Babati, ili tusipite barabara moja mara mbili. Hapa tutasimulia kituo kimoja tu, Bagamoyo, kwa sababu ndipo tulipopata tulichokifuata.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Watoto tuliwakabidhi kwa bibi yao Ikungi, ambaye aliwapokea kwa furaha na kutusukuma tuondoke kabla yule mdogo hajaanza kulia. Baada ya Manyoni barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, na mbele hufunguka tambarare ya Bahi, nchi ya majaruba ya mpunga. Hapo mmoja wetu alikumbusha jambo ambalo wengi wa mkoa wetu hulisahau: sisi tulikwishaunganishwa na bahari zamani, kabla ya lami na kabla ya reli. Magharibi ya Manyoni, upande wa Itigi, kuna nyika na vichaka vizito ambavyo ni sehemu ya nchi ile ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiogopa kwa jina la Mgunda Mkali. Misafara iliyotoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ililazimika kuivuka kabla ya kuingia Ugogo, ikikimbizana na kiu, kwa kuwa visima vilikuwa haba na vijiji havipo. Baadhi ya wale watu walikuwa wapagazi huru, wengi wao Wanyamwezi, waliochukua mshahara kwa kazi yao na kuionea fahari. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, pembe za ndovu wakielekea pwani, nguo na shanga wakirudi. Wengine hawakuwa huru kabisa. Walitembea wakiwa wamefungwa, na mwisho wa safari yao haukuwa mshahara. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo kulichukua miezi, si siku. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyohitimisha zama zile.

Sisi tuliigusa njia ile tukiwa tumekaa, madirisha wazi, na chupa ya chai katikati yetu. Tulipita Dodoma, Kibaigwa na Gairo, tukiswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzifupisha, tukaingia Morogoro kabla ya Magharibi. Hatukutaka kuendesha usiku. Tuliotoka bara tunajua malori yanayoharibika barabarani bila taa na ng'ombe wanaovuka wakati wasioonekana. Kesho yake tulikwenda polepole hadi Chalinze, tukapinda kaskazini hadi Msata, kisha tukashika barabara ya kilomita 64 inayoelekea mashariki. Tulipovuka mto Ruvu, upepo ulibadilika. Ulikuwa mzito, wa uvuguvugu, na wenye chumvi. Minazi ikaanza. Nusu saa baadaye tuliiona bahari mwisho wa kichochoro, kati ya kuta mbili za nyumba za mawe, kana kwamba mtu ametandika kitambaa cha buluu na kukisahau.

Kabla ya safari tuliuliza kwa simu mambo matatu, ambayo tunawashauri wenzetu nao wayaulize: je, nyumba ya wageni inauza pombe, je, ina chumba chenye faragha kwa familia, na je, kuna msikiti wa kufika kwa miguu? Bagamoyo ina misikiti mingi, na hilo la mwisho halikuwa tatizo. Tulipata nyumba ndogo inayoendeshwa na familia, si hoteli ya ufukweni, yenye ua, mwembe, na mama mwenye nyumba aliyetuonyesha kibla kabla ya kutuonyesha bafu. Kwa kuwa tulinuia kukaa siku mbili tu, tuliendelea kufupisha swala tulizoswali peke yetu, kama madhehebu ya Imamu Shafii yanavyoruhusu. Tuliposwali nyuma ya imamu mkaazi, tulikamilisha.

Asiyezoea bahari hushangazwa na jambo moja la Bagamoyo: maji huondoka. Ufuko wake ni wa kina kifupi, na yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana, mashua zikabaki zimelala ubavu juu ya mchanga, na watu wakatembea pale ambapo asubuhi palikuwa na mawimbi. Saa chache baadaye hujaa tena bila kelele. Alfajiri ya kwanza tulitoka msikitini, tukaonana mlangoni, tukaenda ufukweni kabla jua halijachomoza. Hapakuwa na mtu isipokuwa wavuvi waliokuwa wakivuta nyavu. Mwalimu alivua viatu, akainua pindo la baibui kidogo, akaingia maji yakamfika vifundoni. Akasimama tu. Tukakumbushana hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa safarini alishindana mbio na mama Aisha, mama akashinda. Na wakati mwingine wakashindana tena, akashinda yeye, akamwambia kwa utani kwamba hiyo imelipa ile. Aliyekuwa na umma mzima mabegani mwake alipata nafasi ya kukimbizana na mkewe. Sisi wenye kamati moja na darasa moja tuna udhuru gani? Mbio hatukushindana, kwa sababu wavuvi walikuwa wakitazama, lakini tulitembea mpaka jua likawa kali.

Kifungua kinywa tulikipata karibu na soko la samaki, kwa mama anayeuza vitumbua na chai ya tangawizi. Alituangalia tukiyakodolea macho majahazi, akacheka. "Nyie wa bara nyie, wanangu, mnayatazama maji kama yatakimbia. Kaeni, mnywe chai. Yakikimbia, yatarudi." Mchana tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mwalimu, aliyelelewa kwa ugali wa mtama na mlenda, alisema chakula kile ni kitamu mno, kisha akaongeza kwamba siku ya tatu angeanza kuutafuta mlenda.

Bagamoyo ina mengi ya kuona, na hatukuyaona yote kwa makusudi. Tuliipita Ngome Kongwe, na jengo la misafara ambako wapagazi walifikia, na majengo ya Wajerumani, walioufanya mji huu makao makuu ya koloni lao hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Mahali tulipokaa muda mrefu ni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Ni magofu ya mji wa Waislamu, wenye misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo ndefu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbaji hapo mwaka 1958, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti mikongwe katika bara la Tanzania. Mihrabu yake bado inaelekea kibla. Kisima cha udhu kipo. Kaole ilikuwa na bandari. Tope na mikoko vikaisonga, vyombo vikahamia Bagamoyo, na mji ukaachwa.

Katibu alikaa juu ya ukuta mfupi wa msikiti ule muda mrefu. Anayetumikia msikiti huweza kuamini kwamba ukuta hautasimama bila yeye. Hapa palikuwa na kamati pia, bila shaka; palikuwa na mtu aliyehangaikia chokaa, mafuta ya taa na maji ya udhu. Majina yao hayakubaki. Mihrabu ilibaki, na malipo yao yapo kwa Mola wao. Jambo hilo halikumfanya adharau kazi yake. Lilimfanya aione kuwa ni amana ya zamu, ambayo mtu huipokea, huitunza na kuikabidhi, wala haimdai ailipe kwa nyumba yake.

Alasiri ya siku ya pili tulikuwa ufukweni, mahali ambapo mafundi hutengeneza vyombo. Jahazi moja lilikuwa limepandishwa mchangani na kuegemezwa magogo, na mzee mmoja alikuwa akisukumiza pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo huitwa kutia kalafati. Tulimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuacha nyundo. Tukamuuliza kama chombo kile kimeharibika. "Hakijaharibika, wanangu," alisema. "Kimetumika. Chombo chochote kina siku zake za kupandishwa juu, kitazamwe tumbo. Mwenye tamaa hakipandishi, kwa kuwa kila siku anaona kinaleta samaki. Basi siku moja bahari inakishusha yenyewe." Kisha akatuuliza tumetoka wapi, na aliposikia Singida akauliza bei ya kuku wa kienyeji.

Tukaenda kukaa chini ya mnazi, mbali kidogo. Simu tulikuwa tumeziacha chumbani. Na hapo ndipo lile jambo kubwa lilipotajwa.

Mwalimu alikuwa na barua ya kukubaliwa kusoma stashahada kwa miaka miwili katika chuo kilichoko Dodoma. Barua ilikuwa kabatini kwa miezi minne, na siku ya mwisho ya kuithibitisha nafasi ile ilikuwa inakaribia. Nyumbani tuliigusa mara mbili tatu, kila mara mlango ukagongwa, au mtoto akaamka, au usingizi ukatushinda. Sasa hakuna aliyegonga.

"Nilidhani umenyamaza kwa kuwa umekataa, baba watoto," alisema yeye.

"Na mimi nilidhani umenyamaza kwa kuwa umeghairi," alijibu katibu.

Tulizungumza mpaka jua likashuka nyuma ya minazi. Si maneno matamu yote. Yeye alihofia watoto, na zaidi alimhofia mama mkwe, ambaye umri umekwenda na ambaye angeweza kuona kwamba mke anamkimbia. Katibu alihofia fedha, na alihofia maneno ya watu: mke wa kiongozi wa msikiti anaishi mji mwingine kwa sababu gani? Tuliyatoa moja moja kama watu wanaopakua gari. Mengine, yakishatoka nje, yalikuwa madogo kuliko yalivyoonekana yakiwa ndani. Dodoma ni safari ya saa chache kutoka kwetu. Likizo zingemrudisha nyumbani. Mama angeombwa kuja kuishi nasi, si kama mlezi wa watoto tu, bali kama mkubwa wa nyumba, na angeulizwa kabla ya kuambiwa. Kamati ingeombwa naibu katibu, ombi ambalo lingeisaidia kamati yenyewe. Shamba lingepunguzwa kwa misimu miwili. Na maneno ya watu tuliyaacha bila jibu, kwa kuwa hayana jibu.

Adhana ya Magharibi ilitukuta tumekubaliana kwamba ataenda. Tuliyoamua yangeweza kuamuliwa jikoni kwetu. Hakuna hekima ya ajabu iliyoko katika maji ya chumvi. Kilichokosekana jikoni kilikuwa saa tatu za utulivu, na ule uhakika kwamba neno likianza litafika mwisho wake.

Jina la Bagamoyo huelezwa kuwa ni "bwaga moyo", na wenyeji hulifasiri kwa njia mbili. Kwa mpagazi aliyevuka Mgunda Mkali na Ugogo, ilikuwa ni kuutua mzigo na kuuburudisha moyo kwa kuwa amefika. Kwa mateka, ilikuwa ni kuuacha moyo pale pale ufukweni, kwa kuwa mbele palikuwa na jahazi na asingeiona tena nchi yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo biashara hiyo iliendelea kwa siri. Hatukuweza kukaa kwenye ufuko ule kwa raha bila kuikumbuka maana hiyo ya pili. Wapo waume na wake waliotenganishwa mahali tulipokuwa tumekaa pamoja kwa hiari yetu. Jambo hilo halikutuharibia mapumziko. Lilitufahamisha kwamba uhuru wa mtu kutua mzigo wake, mahali anapotaka, pamoja na ampendaye, ni neema ambayo wengi kabla yetu hawakupewa.

Mji wenyewe umetoa mfano wa jinsi moyo uliobwagwa unavyoweza kuokotwa. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya na aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa twarika ya Qadiriyya, na mji uliompokea kama mali ukaja kuketi mbele yake kama mwanafunzi. Tulimtaja sana njiani tulipoondoka kuelekea Pangani, kwa kuwa mwalimu alisema angependa kuwasimulia watoto wake wa darasa la sita habari za mtu aliyefika Bagamoyo hana kitu, akaondoka duniani ameacha elimu.

Tunawaandikia haya wenzetu wanaojinyima safari ya wawili kwa kudhani ni anasa au ni desturi ya wageni. Gharama ipo, na asiye nayo asikope. Lakini anayeweza kuweka akiba kwa ajili ya sare za harusi ya mtu mwingine anaweza pia kuiwekea akiba ndoa yake mwenyewe. Anzeni na mambo ya kawaida: gari likaguliwe matairi, breki na maji; watoto wabaki kwa mtu mnayemwamini; siku zisijazwe ratiba; na jambo zito, kama lipo, lisitajwe siku ya kwanza mkiwa mmechoka, bali lipewe siku ya pili.

Na kwa asiye na gari wala nauli, sisi wa Singida tumepewa maziwa mawili mjini kwetu, Singidani na Kindai. Maji yake yana chumvi kama ya bahari, na majira yakifika heroe hutua pembeni wakayafanya maji yawe ya waridi. Chukueni mkeka na chupa ya chai, mwende wawili baada ya Alasiri, na simu zibaki nyumbani. Tangu turudi tumekwenda Kindai mara nne, na mara ya mwisho mwalimu alikuja moja kwa moja kutoka stendi, amerudi likizo kutoka Dodoma, na begi lake la vitabu bado begani.